Jinsi ya Kumwomba Mhadhiri Barua ya Mapendekezo: Mwongozo Kamili kwa Anayetafuta Ufadhili wa Uzamili

Madirisha mengi ya ufadhili wa shahada ya uzamili hufunguliwa na kufungwa kati ya Agosti na Januari. Chevening ya serikali ya Uingereza hufunguliwa Agosti. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola huja karibu na hapo. Programu nyingi za Erasmus Mundus, za Umoja wa Ulaya, huendelea kupokea maombi hadi Januari, na vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga Desemba au Januari. Katika miezi hiyohiyo wahadhiri wetu wanafungua mwaka mpya wa masomo, wanapanga ratiba na kupokea mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katikati ya pilika hizo mhitimu anabisha hodi, zimebaki siku nne, anataka barua.

Barua inayoandikwa kwa haraka hiyo unaijua hata kabla hujaisoma. Namfahamu, alikuwa na nidhamu, alihudhuria vipindi, nampendekeza. Haimchafui mtu, lakini haimsaidii pia, kwa sababu anayeisoma amepokea nyingine mia zinazosema hayohayo. Wanaochambua maombi wanatafuta kitu ambacho matokeo yako hayawezi kuwaambia: unafikiri vipi, unafanyaje kazi ikiwa ngumu, ulisimama wapi ukilinganishwa na wenzako. Mhadhiri anayefundisha darasa la watu 300 hawezi kuyakumbuka hayo yote peke yake. Kazi ya kumkumbusha ni yako, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuifanya.

Anza kwa kusoma masharti

Kabla hujamtafuta mtu yeyote, fungua ukurasa wa maombi usome wanataka barua ngapi, za nani, na zinafikaje. Ufadhili haufanani. Fulbright ya serikali ya Marekani, kwa wanafunzi wa nje, huhitaji wadhamini watatu, yaani watu wa kukuandikia barua. Chevening huhitaji barua mbili, na huzidai baada ya wewe kuitwa kwenye usaili, wala si siku ya kutuma maombi. Programu za uzamili za EPOS za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zinalenga watu wenye angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, kwa hiyo barua ya mwajiri ina uzito wake huko na haifai kubadilishwa kwa barua ya pili ya chuo.

Andika pia kama wanataka barua ya kitaaluma au ya kikazi, kama lazima iwe kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi, saini na mhuri, na kama unaipakia mwenyewe au mhadhiri anaituma moja kwa moja. Ukienda ofisini bila majibu haya utarudi mara tatu kuuliza vitu vidogo, na kila safari inapunguza hamu ya mtu kukusaidia.

Chagua anayekujua

Wengi hukosea hapa. Mwanafunzi anafikiri barua ya profesa mwenye cheo, mkuu wa ndaki au naibu makamu mkuu wa chuo, itafungua milango. Anamwomba mtu aliyemwona mara mbili, tena kwa mbali. Profesa huyo, kwa wema wake, anaandika mistari sita. Mhadhiri aliyesimamia tasnifu yako, aliyeziona rasimu zako nne na kukurudishia sura ya tatu ikiwa imejaa wino mwekundu, angeandika kurasa mbili zenye mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua.

Kwa mawazo yangu, mpangilio ni huu. Wa kwanza ni msimamizi wa tasnifu au mradi wako wa mwaka wa mwisho. Wa pili ni mhadhiri aliyekufundisha kozi zaidi ya moja, au kozi ndogo ya mwaka wa tatu ambamo mlikuwa wachache na mkizungumza darasani. Wa tatu ni aliyekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo au kazini. Ukifika hapo hujapata, ndipo fikiria mkuu wa idara.

Kuna hali moja inayowapata wengi: anayekujua zaidi ni yule kijana aliyeendesha semina zenu, naye bado hana shahada ya uzamivu. Usimtupe. Muulize kama yuko tayari kuandika yale aliyoyaona, kisha mwombe mhadhiri mwenye kozi ayatumie katika barua yake au asaini pamoja naye. Wahadhiri wengi hukubali, kwa sababu wanajua wazi nani aliyekuwa akisahihisha kazi zenu.

Mjomba aliye mbunge, mchungaji, sheikh wa mtaani na rafiki wa baba hawafai hapa, isipokuwa masharti yanadai barua ya tabia kutoka kwa kiongozi wa jamii.

Kama ulimaliza miaka mitano iliyopita na msimamizi wako amestaafu, bado anafaa. Aandike cheo alichokuwa nacho na miaka aliyokufundisha. Kama amefariki au hapatikani kabisa, nenda idarani ukaeleze. Mara nyingi mkuu wa idara ana jalada lako na anaweza kukuelekeza kwa aliyekuwa msomaji wa pili wa tasnifu yako.

Omba mapema, tena omba kwa namna inayomruhusu kukataa

Mwezi mmoja na nusu kabla ya tarehe ya mwisho ni muda wa heshima. Wiki nne ni kiwango cha chini. Wiki mbili ni kumtwisha mtu mzigo wako.

Kama uko karibu na chuo, nenda ofisini kwake saa zake za kuonana na wanafunzi. Usimvizie kwenye korido akitoka darasani, na usimsimamishe msibani au kanisani. Salimia, jitambulishe kwa jina, mwaka na kozi aliyokufundisha hata kama unaamini anakukumbuka, kisha sema shida yako kwa sentensi mbili. Usiingie na fomu mkononi ya kusainiwa palepale.

Kama uko mbali, tumia barua pepe. WhatsApp iwe kwa mhadhiri ambaye mwenyewe huitumia na wanafunzi wake, na hata hapo usitume ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Idara nyingi, hasa za Kenya na Uganda, huandikiana kwa Kiingereza, fuata mlichozoea. Lakini mpangilio wa ujumbe ni uleule, na kwa Kiswahili unaweza kuwa hivi:

*Kichwa: Ombi la barua ya mapendekezo, mwisho 15 Desemba*

*Shikamoo Dokta,*

*Mimi ni (majina yako matatu), niliyehitimu shahada ya uchumi kilimo mwaka 2023. Ulinifundisha kozi ya masoko ya mazao mwaka wa pili, kisha ukasimamia tasnifu yangu kuhusu upotevu wa nyanya katika soko la Kilombero, Arusha.*

*Ninaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika uchumi wa chakula, na maombi yanahitaji wadhamini wawili. Nimekufikiria wewe kwanza kwa sababu uliona jinsi nilivyokusanya takwimu sokoni na jinsi nilivyoirekebisha sura ya uchambuzi baada ya maoni yako.*

*Naomba kujua kama unaona unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu, na kama ratiba yako inaruhusu kabla ya tarehe 15 Desemba. Ikiwa muda ni mgumu nitaelewa kabisa, na nitashukuru kama utanielekeza kwa mwingine.*

*Ukikubali, nitakutumia siku hiyohiyo wasifu wangu, matokeo, maelezo ya programu na muhtasari wa kazi nilizofanya chini yako.*

*Wako mtiifu,*
*(jina, namba ya usajili, simu)*

Angalia swali lililo katikati. Hujauliza kama atakuandikia; umeuliza kama anakufahamu kiasi cha kuandika barua yenye nguvu. Kwetu ni vigumu mkubwa kumwambia kijana hapana usoni, kwa hiyo atasema "nitajaribu", "tutaona", "nikumbushe baadaye". Majibu hayo yachukue kwa uzito. Mhadhiri anayesitasita huandika barua inayositasita, na msomaji wa barua huiona. Mshukuru, usibishane, tafuta mwingine. Ni afadhali kukataliwa Septemba kuliko kupata barua baridi Desemba.

Kabrasha unalompa

Akishakubali, mtumie kila kitu kwa barua pepe moja, si vipande vipande. Weka wasifu usiozidi kurasa mbili, matokeo yako hata kama si rasmi, kiungo cha programu, rasimu ya maelezo yako ya nia, na ukurasa mmoja ulioandika mahususi kwa ajili yake. Ukurasa huo ndio unaobeba barua, kwa hiyo usiharakishe kuuandika.

Ndani yake weka majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti. Watanzania wengi tuna majina matatu, na cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na pasipoti huweza kupishana. Barua ikibeba jina lisilolingana na fomu, mtu wa ofisi ya udahili aliye nchi nyingine anaweza kudhani ni mtu mwingine. Kama ulibadili jina kwa ndoa au kwa kiapo, liseme hapo.

Kisha orodhesha kozi alizokufundisha, mwaka, na alama ulizopata. Andika kichwa cha tasnifu. Halafu andika matukio matatu au manne ambayo yeye mwenyewe aliyashuhudia. "Mimi ni mchapakazi" haimsaidii kwa lolote. Andika kitu cha namna hii: mizani ya soko ilikuwa mbovu, ukaazima nyingine kwa mfanyabiashara na kurudia vipimo vya wiki nzima, au, kiongozi wa kundi lenu aliugua na wewe ukawasilisha kazi yote. Mhadhiri akisoma hayo, kumbukumbu zinamrudia, naye huongeza aliyoyaona yeye. Hapo barua inapata uhai.

Kama kuna muhula ulioanguka, usiufiche. Mweleze sababu kwa ufupi, ugonjwa au msiba au ada, na umwombe augusie kama anaona inafaa. Maelezo ya kuyumba kwa matokeo yana uzito mkubwa yakitoka kwa mwalimu kuliko yakitoka kwako.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni mizani ya alama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere hutumia GPA, yaani wastani wa alama, ya hadi 5.0, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Marekani wanatumia 4.0. Mtu wa kule akiona 3.8 bila maelezo anaweza kudhani ni karibu kamili, au akachanganyikiwa tu. Mwombe mhadhiri aeleze kwa sentensi moja mizani ilivyo na nafasi yako katika darasa, kwa mfano kwamba ulikuwa kati ya kumi bora katika darasa la wanafunzi 140, kama ni kweli. Vyuo vingi vya Marekani pia humpa mdhamini jedwali la kujaza, likimuuliza kama uko katika asilimia 5 ya juu, 10 au 25 ya wanafunzi aliowafundisha. Ukimpa nafasi yako halisi, anajaza kwa uhakika.

Mwisho wa ukurasa, andika wafadhili wanatafuta nini. Chevening, kwa mfano, husisitiza uongozi na uwezo wa kujenga mahusiano. Programu ya utafiti hutaka kujua kama unaweza kusoma makala ngumu na kuhoji. Barua moja haifai kwa zote mbili, na mhadhiri hawezi kujua tofauti hiyo usipomwambia.

Akisema "andika mwenyewe, nitasaini"

Hili ni la kawaida mno katika vyuo vyetu, na halizungumzwi vya kutosha. Mhadhiri hana nia mbaya. Amechoka, ana barua ishirini za namna hiyo. Lakini kwa mwombaji ni hatari. Kwanza, baadhi ya wafadhili wanasema wazi kwamba barua iandikwe na mdhamini mwenyewe. Pili, mtu akijiandikia hujisifu kwa maneno mapana kwa sababu anaona aibu kujieleza kwa undani. Tatu, ukiandika barua zote mbili, zitafanana sauti, na wasomaji wazoefu hunusa hilo mara moja. Siku hizi linaonekana zaidi, maana wengi huipa akili mnemba kazi hiyo na barua za watu tofauti kabisa zinatoka na sentensi zilezile.

Jibu la kwanza liwe la adabu: "Dokta, naona ingekuwa na nguvu zaidi ikiwa kwa maneno yako. Nikuandalie hoja na matukio kwa mpangilio, wewe uyaunganishe?" Kisha mpelekee ule ukurasa, umepangwa vizuri kiasi kwamba kuugeuza kuwa barua hakumchukui zaidi ya nusu saa. Wengi hukubali hapo, kwa sababu walichokuwa wanakiogopa ni kukaa mbele ya karatasi tupu.

Akishikilia msimamo, na masharti ya mfadhili hayakatazi, mwandalie rasimu ya ukweli mtupu: amekufahamu tangu lini, kwa nafasi gani, umefanya nini, kwa matokeo yapi. Hukumu na sifa ziache wazi ajaze yeye. Itume katika faili linaloweza kuhaririwa, na umwombe abadilishe anavyoona. Kama masharti yanakataza, mwambie hivyo na umwoneshe sentensi yenyewe. Kama bado hataki, rudi kwenye orodha yako ya wadhamini.

Kitu kimoja usikiguse hata kwa kusukumwa vipi: usifungue barua pepe kwa jina la mhadhiri ili ujaze fomu mwenyewe, hata kama amekuruhusu kwa mdomo. Huko ni kughushi. Ikigundulika, unaondolewa, na hata ufadhili ulioupata unaweza kunyang'anywa.

Kiungo, mfumo na saa

Vyuo vingi humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja. Muulize mhadhiri ni anwani ipi anayoisoma kweli. Anwani ya chuo inaaminika zaidi, na baadhi ya vyuo vya Marekani huikubali hiyo tu. Lakini kuna wahadhiri ambao barua pepe ya chuo hawajaifungua tangu mwaka jana. Siku utakayoweka jina lake kwenye mfumo, mjulishe kiungo kinakuja kutoka kwa nani, na umwombe aangalie kwenye barua taka. Mifumo mingine hutuma kiungo pale tu unapowasilisha fomu yako, kwa hiyo ukisubiri siku ya mwisho kuwasilisha, umemwachia mhadhiri saa chache au hujamwachia kitu.

Kwenye fomu za Marekani utaulizwa kama unaachia haki yako ya kuiona barua. Haki hiyo inatokana na sheria yao ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi. Iachie. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huhesabiwa kuwa imeandikwa kwa tahadhari. Kama unaogopa mhadhiri ataandika nini, basi hukumchagua vizuri.

Saa nazo zimewakosesha wengi. Mfumo ukisema unafungwa 12:00 UTC, yaani saa za kimataifa, kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri. Ukisema saa sita mchana kwa saa za Uingereza, mwanzoni mwa Oktoba ni saa nane mchana kwetu, na kuanzia mwishoni mwa mwezi huo, saa zao zikirudishwa nyuma, inakuwa saa tisa. Mpe mhadhiri tarehe iliyo siku tano kabla ya ile halisi, na mwambie ukweli kwamba umeweka akiba ya siku hizo kwa ajili ya umeme na mtandao.

Kukumbusha bila kuchosha

Mkumbushe wiki mbili kabla, wiki moja kabla, na siku tatu kabla. Kila ujumbe uwe mistari mitatu, ukijibu barua pepe ileile ili viambatisho vyote viwe pale: "Shikamoo Dokta. Nakumbusha kwa heshima kuhusu barua ya mapendekezo. Mfumo unafungwa Ijumaa tarehe 15. Kama kuna taarifa yoyote inakosekana, niambie niilete leo." Usilalamike, usieleze jinsi maisha yako yanavyotegemea barua hiyo. Kama siku tatu za mwisho hajajibu, piga simu mara moja au nenda ofisini. Na uwe na mdhamini wa akiba aliyekwisha kukubali tangu mwanzo na mwenye kabrasha lako.

Akidai kitu

Barua ya mapendekezo ni sehemu ya kazi ya mwalimu. Haina bei. Usipeleke zawadi kabla haijatumwa, hata kama kwenu ni desturi kwenda kwa mkubwa na kitu mkononi, maana inamweka pabaya yeye na inaitia doa barua yenyewe.

Akidai pesa, au akidai mwili, ondoka. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai Tanzania chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Zanzibar kuna ZAECA, mamlaka yao ya kuzuia rushwa, na Kenya kuna Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Tunza ujumbe wote, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na kama chuo chako kina dawati la jinsia, lifikie. Kosa hilo si lako hata chembe, na hakuna ufadhili duniani unaostahili ubebe jambo hilo peke yako.

Barua ikishatumwa

Mwandikie asante siku hiyohiyo. Majibu yakitoka, ya kupata au ya kukosa, mjulishe yeye kabla hajasikia kwa wengine. Wahadhiri wengi huandika barua nyingi kila mwaka bila kujua mwisho wake, na anayerudi kusema hukumbukwa.

Ukikosa, tunza kabrasha lako. Mwaka unaofuata utaongeza uzoefu wa kazi, utabadilisha maelezo ya programu, na utamwomba mhadhiri yuleyule aihuishe barua aliyonayo badala ya kuanza upya. Ombi hilo lifike kwake Julai, kabla madirisha hayajafunguliwa.